Namna ya Kuifaidi Siku ya Kazi Songea Wakati wa Kipupwe

Mwongozo huu ni wa mtu anayefanya kazi Songea kati ya Juni na Agosti: karani, mwalimu, muuguzi, fundi cherehani, dereva wa bodaboda, muuza duka, na zaidi ya wote mtumishi aliyehamishwa kutoka Dar es Salaam akaja na mashati ya mikono mifupi. Kuufuata hakuhitaji likizo wala mkopo. Kunahitaji baridi, nayo Songea ipo ya kumtosha kila mtu.

Mji uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Miezi hiyo upepo wa kusi unavuma, mvua zimeshakatika, na usiku mwingi anga halina wingu, kwa hiyo joto ambalo ardhi imelipata mchana kutwa linapanda juu na kupotea. Wenyeji wa Njombe watakucheka ukilalamika, maana kwao baridi ni kali zaidi. Waache wacheke. Baridi ya Songea ndiyo iliyopimwa vizuri: alfajiri inakukunja, saa tano inakuachia. Mwili uliopoa ndio unaojua thamani ya kitu cha moto, na ndiyo maana chai uliyoinywa Januari huikumbuki, lakini ya Julai unaisimulia.

Hatua ya kwanza: zitumie dakika tano za blanketi

Tanzania nzima inatumia saa moja, ila jua halisomi saa hiyo. Katikati ya Juni jua linachomoza Songea muda mfupi kabla ya saa moja asubuhi, kama dakika ishirini baada ya Dar es Salaam. Ofisi za Serikali zinafunguliwa saa 1:30 kote nchini. Mtumishi wa Songea basi anaamka gizani, na giza hilo lina haki zake.

Kabla ya kutoa mguu nje ya blanketi, tulia usikilize. Jogoo wamemaliza zamu. Jirani anafagia uwanja. Pikipiki ya kwanza inapandisha mlima, na abiria wa mabasi ya Dar walishaondoka stendi ya Shule ya Tanga wakiwa wamejifunika vitenge hadi puani. Wote hao wako nje, wewe bado uko ndani. Zimalize dakika hizo ukiwa macho. Anayerudi kulala amezipoteza.

Hatua ya pili: maji ya moto na shati la moto

Maji ya bomba ya asubuhi Songea hayana huruma. Chemsha sufuria moja, changanya kwenye ndoo, jaribu kwa kiwiko. Kopo la kwanza limwagie mgongoni, katikati ya mabega. Kichwa kitasubiri, miguu itasubiri. Mgongo ndio uliobeba baridi usiku kucha, na mgongo ukikubali, mwili wote unafuata.

Kisha piga pasi shati, na ulivae palepale kabla halijapoa. Raha hii ina historia yake hapa. Kwa miaka mingi Songea ilitegemea jenereta za dizeli, na umeme ulikuwa wa mashaka. Mwaka 2018 laini ya kutoka Makambako iliuunganisha mji na gridi ya Taifa. Aliyewahi kupepea pasi ya mkaa asubuhi, huku majivu yakiruka kwenye kola nyeupe, anajua kwamba shati lenye joto la pasi ya umeme ni maendeleo yanayogusa ngozi. Kola ndiyo ipigwe mwisho, kwa sababu shingo ndiyo inayoshukuru zaidi.

Hatua ya tatu: sweta

Nenda sokoni siku ya kufungua belo, na uwahi. Sweta zuri la mtumba lilifumwa kwa ajili ya nchi yenye theluji, likavuka bahari, sasa linaning'inia kwenye kamba likikusubiri wewe. Angalia viwiko, angalia kwapa, vuta mkono uone kama uzi unarudi. Bei ipatane kwa heshima: "Dada, hili unaniachiaje?" Naye atakuambia ulijaribu kwanza, kwa sababu anajua kwamba mtu akishaingia ndani ya sweta saa moja asubuhi, mazungumzo ya bei yamekwisha.

Ukipanda bodaboda, muige dereva wako. Amevaa jaketi kinyumenyume, zipu iko mgongoni, kifua kimezibwa kisipigwe na upepo. Mwambie aende taratibu. Ni usalama barabarani, na ni joto pia.

Hatua ya nne: kuota jua

Kila mahali pa kazi Songea pana ukuta unaotazama mashariki. Mgeni akabidhiwe ukuta huo siku ya kwanza, kabla hata ya kuonyeshwa meza yake. Fika mapema kidogo, simama na mgongo ukutani, fumba macho jua likupige usoni.

Kuna adabu zake. Anayefika anasalimia wote, akianza na mkubwa: "Shikamoo mzee." "Marahaba, umeamkaje?" "Salama, baridi tu." Hapo watu wanasogea, unapata nafasi. Mjamzito na mzee wanapewa sehemu jua linapofika kwanza. Habari zinazoruhusiwa ni bei ya mahindi, kama NFRA, wakala wa Serikali wa hifadhi ya chakula, wameanza kuyanunua, nani kafiwa, na mtoto wa nani kachaguliwa kidato cha tano. Majungu yasubiri kivuli.

Saa 1:30 ikigonga, au mwananchi akitokea na karatasi mkononi, ukuta unaachwa. Mtu huyo huenda ametoka Namtumbo kukiwa giza, amekaa kwenye gari ambalo dirisha halifungi. Mhudumie kwanza. Ukimmaliza haraka na kwa maneno mazuri, naye atapata jua lake nje.

Hatua ya tano: chai ya saa nne

Hapa usiharakishe. Nenda kwa mama ntilie, kaa kwenye benchi lililo karibu na jiko. Agiza supu ya makongoro na chapati, au uji wa ulezi uliotiwa karanga. Bakuli likifika usilikimbilie. Lishike kwa mikono miwili mpaka vidole vianze kutii. Acha mvuke upande usoni. Kamulia ndimu, gusa pilipili, kunywa mara ya kwanza bila mkate wala maneno. Utasikia supu inavyoshuka mpaka inapofika. Simu ibaki mfukoni, maana aliyekupigia hana supu.

Ukimaliza nusu, sema kwa sauti ya chini, "Mama, niongezee mchuzi kidogo." Atajibu, "Leta bakuli, baba." Kijiko hicho cha nyongeza hakipo kwenye bei. Hutolewa kwa aliyesalimia alipoingia.

Kama wewe ni mtu wa kahawa, dai ya Mbinga. Wilaya hiyo iko kama kilomita 100 magharibi ya mji, na Wamatengo wanalima kahawa ya arabika kwenye milima yao mikali, ambako pia wamedumisha kilimo cha ngoro, mashimo yanayozuia mvua kuiosha miteremko. Msimu wa kuichuma ndio huuhuu wa baridi. Sehemu kubwa ya kahawa ya Tanzania inauzwa nje, na wageni wa mbali wanaisifu kuliko sisi tunaolala jirani nayo. Kikombe kimoja kwa siku, kikiwa kimechemshwa vizuri na tangawizi ukipenda, kitarekebisha jambo hilo.

Hatua ya sita: mchana

Saa sita vua sweta. Kulivua nako ni raha, kwa hiyo lifanye polepole, ulikunje, uliweke mgongoni mwa kiti. Chakula kiwe ugali wa mahindi mapya, na usipa wa Ziwa Nyasa waliokaangwa na nyanya, au maharage ya nazi. Upepo mkavu uliokutesa alfajiri ndio unaokausha mahindi kwenye maturubai uani. Mkoa wetu wa Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayolisha nchi mahindi, na msimu huu magunia yanapishana barabarani kutwa. Ukiusifu ugali, usiilaani baridi.

Hatua ya saba: jioni

Saa 9:30 ofisi inafungwa, na jua linazama baada ya saa kumi na mbili na robo. Katikati hapo una karibu saa tatu za mwanga laini. Kama njia inaruhusu, rudi kwa miguu. Milima ya Matogoro, unakoanzia Mto Ruvuma, inaonekana vizuri saa hizo, hewa ikiwa kavu. Nunua karanga za kukaanga zikiwa bado moto, zitie mfukoni, mkono uzifuate humo humo. Ukifika nyumbani, kaa jikoni. Wengine watakuja wenyewe, na mazungumzo yaliyoshindikana wiki nzima sebuleni yatafanyika kando ya moto.

Tahadhari

Raha moja imekatazwa katika mwongozo huu: kuingiza jiko la mkaa chumbani na kulala. Mkaa unaowaka mahali palipofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, nayo huua watu wakiwa usingizini. Usiseme utaacha dirisha wazi kidogo. Jiko libaki nje, chumbani ongeza blanketi, watoto walale pamoja.

Sharti la mwisho

Rudia kuisoma orodha hii utaona kwamba karibu kila joto ulilolipata lilianzia kwa mtu aliyeamka kabla yako. Dereva alikuwa barabarani ukiwa kitandani. Muuza mitumba alifungua belo mikono ikimfa ganzi. Mama ntilie aliwasha kuni saa kumi usiku ili makongoro yawe yamelainika saa nne. Mishahara ikichelewa, yeye ndiye anayetukopesha sote, na daftari lake la madeni hunenepa kuliko la duka lolote mjini.

Kwa hiyo, ndugu mfanyakazi, ifaidi siku yako yote, hatua kwa hatua, bila aibu. Kisha ukiinuka kwenye benchi lipa supu yako siku hiyohiyo, taslimu, na useme asante. Na kama jina lako liko kwenye daftari tangu Juni, mwongozo huu kwako unaanzia hapo.