Namna ya Kumtafuta Mhindi Sonatubes

Umehamia mtaa wa Sonatubes, Kigali, juzi, na kabla hujafungua maboksi umeshawatumia jamaa zako wa Dar ujumbe wa sauti: mtaa huu una watu wa kila aina, hata Wahindi. Wahindi wenyewe hujawaona. Umeuona mzunguko wa barabara, na umeelezwa kwamba jina la mtaa limetokana na kiwanda cha mabomba. Basi fuata maelekezo haya.

Anzia mkahawani. Agiza chapati mbili na chai ya maziwa yenye tangawizi, kisha uiarifu meza nzima kwamba Wahindi hawachanganyiki: wamejifungia ndani ya mageti, hawatoki nje. Usimeze kabla hujamaliza hoja. Ongeza kachumbari. Toa pesa, ulipe, ita gari likurudishe nyumbani, na njiani umlilie dereva kwamba mwenye nyumba anataka laki tatu kwa mwezi. Chapati, kachumbari, pesa, gari, laki: maneno yote matano yalivuka bahari kutoka Bara Hindi, yakapanda hadi huku milimani bila kuomba viza. Na kwa kuwa Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, yameshapata ukazi wa kudumu. Wako bado unashughulikiwa.

Hujaridhika? Unataka Mhindi wa kuonekana kwa macho? Panda basi la kwenda Gahanga.

Utapita Nyanza ya Kicukiro. Hapo mzaha ukunje. Watu waliokuwa wamekimbilia shule ya ETO walipitishwa Sonatubes, mlangoni pako hapo, wakasukumwa hadi kilima hiki na kuuawa, tarehe 11 Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Kila Aprili wenyeji wanaikumbuka njia hiyo. Mgeni hutembea nao akiwa amefunga mdomo.

Gahanga kuna uwanja wa kriketi uliofunguliwa 2017, wenye matao mazuri kiasi kwamba utapiga picha hata kama hujui mchezo. Umekuja na dhana kwamba kriketi ni ya Wahindi, kwa hiyo shika kamera, subiri. Watakaotokea kurusha mpira huenda wakawa watoto wa Kinyarwanda. Usiwacheke. Mabinti wa Rwanda wa chini ya miaka 19 walikwenda Kombe la Dunia Afrika Kusini, Januari 2023, wakawashinda Zimbabwe, kisha West Indies. Kama hujui kuhesabu mikimbio, piga makofi wengine wakipiga.

Endelea na safari hadi Bugesera, kijiji cha Rweru. Julai 2018 Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, alifika huko akagawa ng'ombe 200. Hatimaye, Uhindi halisi! Pole: ng'ombe wale walinunuliwa humuhumu Rwanda. Walitolewa kwa mpango wa Girinka, ulioanza 2006, ambao humtaka aliyepewa ng'ombe ampe jirani yake ndama jike wa kwanza. Ukimwona mmojawapo wa ndama hao, muulize asili yake ni wapi. Akikutazama tu huku akicheua, andika kwamba hachanganyiki.

Sasa rudi nyumbani, ulale. Ila angalia kalenda: ikiwa kesho ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi, ni umuganda, kazi ya pamoja, saa mbili hadi saa tano asubuhi. Wewe una mafua. Ulikuwa na mafua mwezi uliopita pia. Vuta pazia kidogo uchungulie: wanazibua mtaro mbele ya geti lako, na yule mzee wa nyumba ya pili, mwenye miwani na masharubu meupe, anabishana kwa Kinyarwanda na vijana kuhusu mteremko wa maji. Sepetu anaijua. Ataliona pazia likitikisika, atakuja kugonga.

"Jirani," atasema, "wewe ndiye yule mgeni asiyetoka nje?"