Pompeii kwa Namba, Kuanzia Mkiani

Vesuvius iliufukia mji huu wa Kirumi mwaka 79, uchimbaji ukaanza 1748, na hadi leo karibu theluthi moja bado iko chini ya udongo. Iliyobaki inatosha kukumaliza miguu, kwa hiyo nimekupangia cha kukimbilia na cha kupita. Jopo la majaji lilikuwa la mtu mmoja. Rufaa mtakata tu, nawajua.

7. Uwanja wa Forum
Makundi yote ya watalii huanzia hapa, na mengi huishiwa pumzi hapa hapa. Nguzo zimekatika, hekalu la Jupita limebaki ngazi na visiki, na nyuma yake mlima umetulia.
Hukumu: piga selfi, sogea. Mtuhumiwa yumo kwenye picha.

6. Mbwa wa mlangoni
Mozaiki ya mbwa mweusi mwenye mnyororo, na chini yake onyo la Kilatini: mbwa mkali. Nyumba inaitwa ya Mshairi wa Tanzia, ingawa hakuna ushahidi kwamba mshairi yeyote aliwahi kulala humo.
Hukumu: karibu miaka 2,000 zamuni, na bado watu wanasogea kumtazama meno. Onyo halijawahi kufanya kazi.

5. Uwanja wa mapigano
Ulijengwa yapata mwaka 70 KK, Colosseum ya Roma haijawazwa. Mwaka 59 wenyeji na wageni wao kutoka mji wa Nuceria walianza kwa matusi, wakaja mawe, zikamalizia panga. Seneti ikapiga marufuku michezo ya mapigano mjini kwa miaka 10.
Hukumu: na wewe unalia timu yako kucheza mechi mbili bila mashabiki!

4. Kwa dobi Stephanus
Nguo zilikanyagwa kwa miguu ndani ya mabeseni, na sabuni yenyewe ilikuwa mkojo uliochacha. Amonia yake hukata mafuta vizuri.
Hukumu: toga ya mheshimiwa ilitakata. Asiulize kwa nini.

3. Mama ntilie wa Kirumi
Hapa tukae kidogo. Kaunta ina mitungi iliyozamishwa ndani yake, midomo tu ndiyo inayoonekana, na mbele pamechorwa jogoo na mabata wawili wananing'inia kichwa chini. Kaunta hii ilifukuliwa yote mwaka 2020, na mabaki yaliyokutwa humo ni ya bata, nguruwe, mbuzi, samaki na konokono. Pembeni yupo pia mbwa wa kuchorwa, na kwenye fremu yake mtu amekwaruza tusi lisiloandikika hapa.
Hukumu: menyu ya picha, bidhaa freshi, mteja mwenye mdomo mchafu. Biashara haijabadilika.

(Watu wa plasta, ambao Giuseppe Fiorelli alianza kuwamimina mwaka 1863 kwenye matundu yaliyoachwa na miili, hawamo kwenye orodha. Wale ni maiti. Siwapangi namba.)

2. Mawe ya kuvukia
Barabara zilibeba maji machafu na samadi, hivyo mawe makubwa yaliwekwa katikati ili watu wavuke wakavu, yakiachana kiasi cha magurudumu kupita. Inama utie kiganja kwenye mfereji uliochimbwa na magurudumu hayo. Unazama.
Hukumu: yanashinda hekalu lolote. Bisha, lakini kwanza vuka.

1. Kuta za kampeni
Matangazo ya uchaguzi yalipakwa rangi nyekundu kutani, maelfu yake: wauza matunda wanampigia debe huyu, jirani anampigia yule. Kiboko yao ni Marcus Cerrinius Vatia, aliyegombea usimamizi wa barabara na masoko. Wanaomuunga mkono, kwa mujibu wa kuta, ni wanywaji wa usiku wa manane, vibaka na waliolala. Wataalamu wengi wanahisi mkono wa mpinzani.
Hukumu: kama ni kuchafuliwa, amechafuliwa na fundi. Kama ni kweli, jamaa alikuwa na kura nyingi mno.