Adeer, Walikuchora Kabla Hujazaliwa

Adeer, ami yangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote huku London: kwamba wazee wa Bulla Iftin wameridhia posa ya mdogo wangu, kwamba uliwasomea nasaba yetu hadi babu aliyefuga ngamia kabla Garissa haijawa na daraja, na kwamba, nasaba yote hiyo wakishaisikia, bado wanataka gabbati ya wazee wao, yarad ya familia, meher ya binti mwenyewe na seti ya chumba cha kulala kutoka Dubai. Kisha ukamalizia, "Hayo mengine tumewaachia walioko nje."

Walioko nje ni mimi.

Basi nilikwenda kumtazama mzee mwenzako. Yuko National Gallery, Trafalgar Square. Kuingia ni bure, ndiyo maana mimi ni mteja wao mwaminifu. Alichorwa na William Hogarth mnamo 1743, katika picha 6 za kuzikejeli ndoa za wakubwa. Ya kwanza ni baraza la posa lenyewe, limepungukiwa na miraa na chai ya maziwa ya ngamia tu. Baba wa bwana harusi ni lodi aliyefilisika. Mguu wake wenye jongo umefungwa vitambaa, umelazwa juu ya kigoda, na kidole kinaonyesha karatasi ndefu ya nasaba inayoanzia kwa William wa Normandy. Hata magongo yake yana nembo ya taji! Mbele yake kuna rundo la fedha. Zimetoka kwa baba wa binti, mfanyabiashara wa mjini, aliyevaa miwani na kuukagua mkataba kama mnunuzi wa mbuzi anavyokagua meno. Kwao fedha zilitoka upande wa binti, kwetu hutoka upande wa kijana, lakini mwenye miwani nilimtambua mara moja. Ndiye mimi.

Dirishani linaonekana jengo jipya la lodi, limekwama nusu kwa kukosa pesa. Kuhusu ghorofa yetu ya hapo Garissa sisemi neno.

Na wenye harusi? Wamepeana mgongo. Kijana anajitazama kwenye kioo, binti anachezea pete aliyoipitisha kwenye leso, huku wakili akimnong'oneza. Sakafuni mbwa wawili wamefungwa mnyororo mmoja, nao kila mmoja ana lake. Hakuna mzee anayewatazama, si vijana, si mbwa.

Picha zilizobaki nazipita haraka, maana najua ayeyo, nyanya yetu, husomewa barua hizi. Msimamizi wa nyumba anaondoka na bili mkononi. Wakili anamuua mume, ananyongwa. Mke anakunywa sumu, na baba yake anamvua pete kidoleni kabla roho haijatulia. Mbwa naye anaiba kichwa cha nguruwe mezani, astaghfirullah. Kwenye ya nne nilifurahi kuona watu weusi wawili nyumbani kwa mke huyo. Mmoja ni mtoto. Mkubwa ndiye anayegawa chokoleti.

Mchoraji mwenyewe, Adeer, mnamo 1729 alimtorosha Jane, binti wa Sir James Thornhill, mchoraji mkubwa wa enzi hizo, wakaoana bila ridhaa ya mzee. Baadaye mkwe alipoa. Hilo sijamwambia mdogo wangu. Bado.

Picha zote 6 ziliuzwa mnadani mwaka 1751 kwa ginea 120, na Hogarth aliona amedhulumiwa. Laiti angewatuma wale wazee wa Bulla Iftin wamuuzie. Jumba hilohilo lina pia picha ya Gainsborough ya Bwana na Bi Andrews, waliooana 1748: wako shambani kwao, na kwa mbali kondoo wanaonekana. Huyo angalau alionyesha mifugo.

Sasa hesabu. Meher ni haki ya binti, siigusi. Gabbati nitaituma kwa hawala, wazee wa binti wagawane kwa amani. Yarad rudini mkaijadili upya, nasaba isifunguliwe tena, maana kila babu unayemtaja anapandisha bei. Kitanda maseremala wa Garissa wanakiweza.

Na safari hii mwende na bwana harusi. Alinipigia jana kuniuliza kama posa yake imekubaliwa.