Ruta ya Kabatini

Nyumbani kwetu Tabata, kitu kikishaheshimika hufunikwa. Redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, mtungi wa gesi una kitambaa, na kiti cha mgeni kina vitambaa vitatu: viwili vya mikono na kimoja cha kisogo. Anayevifuma ni mama yangu, aliyekuja kutoka Korogwe kutusalimia kwa wiki mbili, na huu ni mwaka wake wa nne. Ana sindano moja ya ndoano na uzi mweupe usiokwisha, na hajawahi kukutana na meza akaiacha uchi.

Haya nayasema mapema ili ijulikane kwamba mchawi wa intaneti yetu alikuwa jirani kabisa. Mimi katika kumtafuta nilianzia mbali. Nilianzia baharini.

Ilikuwa Alhamisi jioni. Mwalimu wa binti yangu wa darasa la sita alikuwa ametuma kazi ya likizo kwenye kundi la wazazi: kurasa kumi na nne, zichapwe, zijazwe, zirudishwe Jumatatu shule ikifunguliwa. Laptopu ninayo. Printa ninayo, tena imejaa karatasi. Nikamwambia binti yangu dakika tano tu, nikabonyeza kupakua. Kiduara kikaanza kuzunguka. Taarifa ya habari ikaanza, ikaisha, kinazunguka. Mke wangu akaingia jikoni, akapakua wali, akapakua maharage, akapakua na mchicha, tukala, tukanawa. Yeye alikuwa amemaliza kupakua. Mimi nilikuwa asilimia sita.

"Ni bahari," nikawatangazia.

Naomba nieleweke. Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilikatika siku moja huko kaskazini mwa Durban, na nchi kadhaa za ukanda wetu zikashinda zinahangaika na mtandao. Kabla ya hapo intaneti ikisumbua nilikuwa nalaumu mvua. Siku ile ndipo nilipojua kwamba sehemu kubwa ya mazungumzo yetu na dunia hupita ndani ya nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi, Seacom tangu 2009 na EASSy tangu 2010. Na mtu akishajua jambo kubwa kiasi hicho, hakubali tena kuwa na tatizo dogo.

"Kama bahari imekatika," akasema mke wangu, "mbona jirani anaangalia mpira mtandaoni?"

Kweli, ng'ambo ya ukuta walikuwa wanashangilia goli. Nikaachana na bahari, nikaipigia kampuni inayotuletea intaneti. Baada ya muziki wa dakika ishirini akapokea dada mwenye sauti ya upole, kama muuguzi anayejua sindano itauma.

"Baba, umejaribu kuizima ruta na kuiwasha tena?"

"Nimejaribu."

Nilimdanganya. Ruta ilikuwa kabatini, kabati lilikuwa limefungwa, ufunguo ulikuwa kwenye pindo la kanga ya mama, na mama alikuwa amelala. Kumbe swali lile si la kumpotezea mtu muda. Ruta nayo ni kompyuta ndogo, ikikesha miezi bila kupumzika huchoka na kujisahau, na kuizima nusu dakika ni sawa na kumnawisha mlevi uso. Lakini mimi nilitaka lawama, sikutaka dawa.

Dada akaangalia kwenye mitambo yao, akaniambia kifurushi changu cha megabiti ishirini kinanifikia mlangoni kikiwa kamili. Hapo nikampandishia. Mbona faili la megabaiti ishirini halishuki kwa sekunde moja? Akanieleza bila kuchoka kwamba biti nane ndizo zinazofanya baiti moja, kwa hiyo megabiti zangu ishirini, hata mambo yakiwa shwari kabisa, hunishushia megabaiti mbili na nusu kwa sekunde. Miaka miwili nimenunua vibaba nikidhani ni pishi! Nikamshukuru, nikakata simu, nikalala na hasira isiyo na mwenyewe.

Ijumaa nikamwita kijana mmoja mpangaji wa nyumba ya tatu, anasoma mambo ya kompyuta chuoni. Akaja na simu yake tu. Akapima spidi chumbani kwetu: megabiti mbili. Akapima sebuleni: tano.

"Mzee, ruta iko wapi?"

"Si hiyo hapo."

"Hapo wapi?"

"Kabatini."

"Mbona siioni?"

"Iko nyuma ya sufuria."

Kijana akachutama mbele ya kabati kama mtu aliyefika makumbusho. Ni kabati la mninga, milango ya kioo, na mgongoni limebandikwa kioo cha kujitazamia ili vyombo sita vionekane kumi na viwili. Ndani kuna glasi za harusi, chupa ya chai ya chuma, na seti ya sufuria za alumini ambazo tangu tuoane hazijawahi kuona moto. Katikati yao ikakaa ruta, imevishwa kitambaa cha kufuma chenye umbo la ua la petali nane, na antena zake mbili zimetokeza kwenye matundu ya uzi kama sharubu za kambale. Taa zake za kijani zilikuwa zinapepesa chini ya kitambaa. Mama alikuwa ameisitiri vizuri kuliko baadhi ya maharusi.

Akaitwa. Akafungua pindo la kanga taratibu, akachagua ufunguo, akafungua. Kijana akaigusa ruta akarudisha mkono haraka. Ilikuwa na moto wa chapati inayotoka kikaangoni.

"Bibi," akasema kwa adabu, "haya ni mawimbi ya redio. Yakikuta chuma yanarudi yalikotoka. Kioo cha kujitazamia nacho kina utando wa madini kwa nyuma, kinayarudisha vilevile. Na joto linaichosha mashine. Hapa ni kama mmemfungia mpiga mbiu ghalani, halafu mnalalamika hamsikii mbiu."

Mama hakutikisika. "Mwanangu, hii si inalipiwa kila mwezi?"

"Ndiyo, bibi."

"Kitu kinacholipiwa kila mwezi ndicho cha kuachwa wazi? Tena kinakonyeza macho usiku kucha, katika nyumba yenye watoto."

Sikuwa na jibu, na kijana wa chuo naye hakuwa nalo. Tukashusha kalenda ukutani kwenye korido, katikati ya nyumba, tukaitundika ruta kwenye msumari wake, juu, uchi wa mnyama. Mama akakitoa kitambaa chake, akakikung'uta, akakikunja mara nne, akaondoka nacho bila neno. Tukapima: megabiti kumi na mbili.

"Bado kuna nane zinapotea," kijana akasema. Akasoma kibandiko chini ya ruta, akaandika kwenye kivinjari 192.168.1.1, akaingia ndani kwa jina *admin* na nywila *admin*, kama ilivyotoka kiwandani. Ikafunguka orodha ya vifaa vyote vinavyokula intaneti yetu saa ile. Sisi tuna simu tatu, laptopu, printa na televisheni. Orodha ilikuwa na vifaa kumi na saba. Kimojawapo kilikuwa televisheni ya inchi hamsini na tano. Televisheni yetu ni ya inchi thelathini na mbili. Ghafla nikaelewa lile goli la jana lilitazamwa kwa fedha ya nani.

"Nywila yenu ya waifai ni ipi?"

"Moja mbili tatu nne tano sita saba nane."

Kijana akafumba macho kidogo, akaibadilisha. Hazikupita dakika kumi.

"Hodi!"

Alikuwa jirani wa mpira, mkononi ana papai. Alipita tu, akasema, aone kama tumeamka salama. Ilikuwa saa tisa alasiri. Akauliza hali ya mama, hali ya watoto, hali ya biashara, na alipofika mlangoni akiaga akakumbuka jambo: "Na mtandao... mnao leo?" Nyuma yake akaja mama wa genge, ambaye hajawahi kukanyaga kwetu, anaulizia kama tunahitaji nyanya. Baada yake vijana wawili wa bodaboda waliotaka kujua kama kuna safari. Tangu tuhamie Tabata sijawahi kujuliwa hali na watu wengi namna ile.

"Nani aliwapa nywila?" nikauliza walipoondoka.

"Mimi," akasema mama kutoka chumbani. "Walikuja na adabu, wakaamkia. Mtu akikuomba maji utamnyima?"

Nikabaki nimesimama kwenye korido. Ruta aliifungia kwa ufunguo, nywila akaigawa kama pilau ya maulidi.

Hata hivyo spidi ilipanda hadi kumi na tisa, na kurasa kumi na nne zikashuka nikiwa bado sijakaa vizuri. Nikamuaga kijana kwa soda na nauli ambayo hakuihitaji. Nikabonyeza kuchapa.

Laptopu ikajibu kwamba printa haipo.

Printa ilikuwa kiwikoni mwangu. Nikiinua mkono kujikuna naigusa. Nikabonyeza tena, labda haikusikia. Nikabonyeza mara ya tatu kwa mkazo, kwa sababu kila mtu anajua kitufe husikia zaidi kikibonyezwa kwa hasira. Kufika ya sita nikaamua kuacha hewa na kurudi kwenye waya, ule mnene wenye kichwa cha mraba upande wa printa. Upande wa laptopu ndio ulionitesa: nikauingiza, ukakataa. Nikaugeuza, ukakataa. Nikaurudisha kama mwanzo, ukaingia. Plagi hii ya USB ilianza kutumika 1996, na Ajay Bhatt, mhandisi aliyeongoza kazi hiyo pale Intel, amewahi kukiri kwamba kuifanya iingie kwa upande wowote kungeongeza gharama. Sawa, waliokoa senti zao. Sisi tunalipa kwa kugeuzageuza.

Waya nao haukusaidia. Sasa laptopu ilikuwa inaona printa mbili zenye jina moja, na zote mbili ikasema hazipo. Binti yangu, aliyekuwa amesimama nyuma yangu muda wote na kalamu yake mdomoni, akauliza: "Baba, printa mmeiambia paswedi mpya?"

Hatukuiambia. Tulipowatoa majirani tuliitoa na yenyewe, ikabaki nje na watu wa bodaboda, tofauti tu ni kwamba yenyewe haikuweza kupiga hodi na papai. Tukaanza kuiingizia nywila kwa vile vitufe vyake vitatu, herufi moja moja kama watu wanaomfundisha mtoto kusema. Hapo tukagundua jingine: ruta ina majina mawili hewani, la gigahezi 5 ambalo lina kasi lakini huchoshwa na kuta za tofali, na la gigahezi 2.4 ambalo ni la polepole lakini hupenya. Printa yetu ni ya zamani, inalijua la 2.4 tu. Nusu saa nzima nilikuwa nailazimisha iingie kwenye nyumba isiyoiona.

Saa nne usiku taa yake ikatulia, ya buluu. Tukapiga makofi. Printa ikakohoa, ikavuta karatasi, ikaanza kuchapa. Ikachapa kurasa kumi na nne. Ikaendelea. Ikachapa kumi na nne nyingine. Maana amri zangu zote sita hazikuwa zimepotea. Zilikuwa zimepanga foleni kimya kimya zikimsubiri mwenyewe. Hesabu ya darasa la sita: kumi na nne mara sita ni themanini na nne. Nilichomoa plagi ukutani ilipofika sitini na moja. Asubuhi nikakuta mama ametandika nakala za ziada kwenye rafu za kabati, chini ya sufuria, palipobaki pengo la ruta.

Jumamosi jioni mwalimu akaandika tena: samahani wazazi, ukurasa wa tisa ulikosewa, huu hapa ulio sahihi. Nikacheka. Nilikuwa na megabiti kumi na tisa na printa inayonijua. Nikabonyeza nikiwa sebuleni, mara moja tu, kwa utulivu wa mtu aliyesomea. Chumbani nikasikia mashine ikivuta, kisha ikatoa mlio ambao karatasi haitoi. Laptopu ikaniandikia: karatasi imekwama.

Nikaenda kutazama. Haikuwa karatasi. Kile kitambaa cha petali nane kilikuwa kimepata kazi mpya juu ya printa, pale pale mgongoni karatasi zinapoingilia, na petali tano zilikuwa tayari zimemezwa. Nikazishika tatu zilizobaki, nikaanza kuvuta. Uzi ukalia, meno ya mashine yakalia.

"Polepole, mwanangu," akasema mama nyuma yangu, kwa huzuni ya kweli. "Hicho nimekifuma miezi miwili. Mashine utanunua nyingine."