Kengele Zilizozibwa Majani

Kusini mwa mto Ewaso Nyiro, mwendo wa asubuhi moja kutoka Isiolo, palikuwa na kijiji cha ngamia waliosifika kwa kustahimili kiu na, zaidi ya hayo, kwa kulinda heshima zao. Vijana wao walikwenda kusini, wakiuzunguka mlima wenye kilele cheupe, kubeba mizigo ya wenye mji mkubwa, na kila mvua za vuli zilipokatika walirejea kwa Sikukuu ya Mwezi wa Mwisho. Sharti lilikuwa moja, wala halikuandikwa popote: harudi mtu mgongo mtupu. Aliyejaliwa shehena alipokewa kwa vigelegele. Ambaye mwaka ulimwendea mrama alibaki huko huko chini ya mti wa watu, akituma salamu kwa ndege kwamba kazi zimembana.

Kila ngamia alivaa shingoni kengele ya mti. Usiku wa sikukuu, boma lililojiwa na wageni lilizitikisa kengele zake hadi alfajiri, majirani wakajua kwamba hapo pana neema. Ama lile ambalo halikujiwa na mtu, mwenyewe alikusanya majani makavu, akaishindilia kengele yake mpaka ikawa bubu, akazima moto mapema, akajilaza nyuma ya ua wa miiba kana kwamba amesafiri. Wazee walikuwa wamefundisha kwamba upweke ni kama uchi, haufai kuonwa na jirani. Majirani nao, wakikuta kimya, waliambiana kwa adabu, “Tusibishe hodi, amekwenda kwa wanawe.” Na kwa kuwa kila mmoja alisema hivyo juu ya mwenzake, ilifika miaka ambayo karibu kijiji kizima kililala gizani, na kila boma likidhani ni lenyewe tu.

Ajabu ni kwamba ngamia hao walikipenda mno kisa cha Kamunyak, simba jike wa Hifadhi ya Samburu, ng’ambo ya mto, ambaye mnamo Desemba 2001 alimtwaa ndama wa choroa, akatembea naye na kulala naye kwa majuma mawili bila kumdhuru, huku yeye mwenyewe akidhoofika kwa njaa. Simba dume alimla ndama yule wakati mlezi amelala. Naye Kamunyak akatafuta mwingine, na mwingine tena. Wazee wakisimulia hayo walitokwa na machozi. Kisha waliyafuta, wakausifu moyo wa simba, na kila mmoja akarudi kwake kuziba kengele, akipita mlangoni pa ajuza ambaye wanawe watatu hawakuonekana kwa miaka mingi.

Mwaka mmoja vuli ilikosa. Punda mchukuzi wa maji, mgeni asiyejua mila, aliingia kijijini usiku wa sikukuu akiwa hoi kwa njaa. Aliona unyasi ukichungulia katika kengele ya yule ajuza, akauvuta. Kengele ikalia. Ajuza aligutuka, akataka kumfukuza, lakini tangu alfajiri hakuwa amesema na kiumbe, na neno lililomtoka likawa, “Umekula?”

“Ndiyo kwanza naanza, Nyanya,” punda akajibu, akitafuna.

Hakushiba. Akaenda boma la pili, la tatu, la nne, na kila alipokula kengele ilipiga kelele, na kila mwenye boma akatoka kwa hasira, akakutana uso kwa uso na jirani aliyemdhania yuko safarini. Wengine walidai kwamba wamerejea jioni ile ile. Hawakuaminiwa, maana hapakuwa na mzigo.

Kulipokucha wazee waliitisha baraza kumhukumu punda kwa kosa la kula sitara za watu. Kesi haikufika mbali, kwa sababu kila shahidi ilimpasa kwanza aeleze kwa nini kengele yake ilizibwa. Ndipo ajuza akasimama, akaomba punda aachiliwe, na atumwe huko kusini awaambie wanawe waje na migongo mitupu. Mmoja alikuja, usiku, akikwepa njia kuu kwa haya. Mama yake hakumuuliza ameleta nini. Alimwambia kwamba kuni zimekwisha, na kwamba jirani wa pili anaumwa mguu, ampelekee maji kabla hajalala.