Barua ya Wazi kwa Wenye Ufunguo wa Stoo

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Maboresho ya Huduma,
Hospitali yetu.

YAH: PONGEZI KWA KUTUNZA UTAFITI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi wakunga wa wodi ya wazazi tunaipongeza kamati yako kwa kuutunza utafiti wa E-MOTIVE. Umetunzika kwelikweli: upo stoo, ndani ya boksi, na gundi yake haijabanduliwa.

Kwa faida ya wananchi, utafiti huo ulifanyika katika hospitali zipatazo 80 za Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini, matokeo yakatoka mwaka 2023. Mama akishajifungua anatandikiwa shuka la plastiki lenye mfuko wa kupimia damu. Ikifika mililita 500, mkunga hangoji: anakanda mfuko wa uzazi, anatoa oksitosini na asidi ya traneksamiki, anatundika dripu, anatafuta damu inatokea wapi, yote kwa mkupuo mmoja. Hatari ya kuvuja damu kupindukia, kupasuliwa tumbo kwa ajili hiyo au kufa ilipungua kwa asilimia 60.

Haya tulifundishwa hotelini, kwa chai na sambusa. Bango lake, lenye picha nzuri, limebandikwa ofisini kwako, ambako hajawahi kujifungua mtu.

Huku leba tunaangalia khanga iliyolowa na kukisia. Wa usiku anaandika "kidogo", wa asubuhi anaandika "wastani". Utafiti uleule ulionyesha kuwa kwa utaratibu huu wa zamani, karibu nusu ya akina mama waliovuja damu hawakubainika. Dawa nayo inataka fomu, fomu inataka sahihi, sahihi inataka mwenye ufunguo, na mwenye ufunguo hapatikani kwenye simu.

Hatuna kinyongo. Tunapendekeza tu:

1. Mama anayetarajia kuvuja damu avuje saa za kazi, Jumatatu hadi Ijumaa.

2. Fomu ya dawa aijaze kabla uchungu haujaanza.

3. Kikao kijacho cha kamati kifanyike leba, saa nane usiku, na posho ya wajumbe ikadiriwe kwa macho.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Wakunga wa zamu ya usiku