Sifa za Stafilokoka

Stafilokoka aureus ni bakteria wa mviringo, upana wake kama sehemu moja ya elfu ya milimita, na simba ametiwa kwenye nembo za mataifa kwa mambo madogo kuliko yake. Ni mpangaji mstaarabu. Hukaa puani mwa takriban mtu mmoja kati ya watatu bila kumsumbua, akingoja tu ngozi ichanike ndipo aonyeshe ufundi wake wa majipu na usaha.

Tiba yenyewe ina deni kwake. Mwaka 1928, katika hospitali ya St Mary's, London, waliokufa kuuzunguka ukungu kwenye sahani ya mtafiti Alexander Fleming walikuwa stafilokoka, na kifo hicho ndicho kilichoifichua penisilini ya ukungu huo. Dawa hiyo humvizia bakteria anapojenga. Kila anapokua, vimeng'enya vyake hufungamanisha nyuzi za ukuta wa seli. Penisilini huving'ang'ania, ujenzi unasimama, maji yanaingia, seli inapasuka. Seli ya binadamu haina ukuta wa namna hiyo, hivyo husalimika.

Baadhi ya stafilokoka walikuwa na jibu: kimeng'enya kinachoikata penisilini kabla haijawadhuru. Wanakemia wakatengeneza methisilini, isiyokatika kirahisi hivyo. Kufikia 1961 Uingereza ilikwisharipoti stafilokoka walioishinda. Hawa hawakujisumbua kuivunja dawa. Walijengea ukuta kwa kimeng'enya kingine, ambacho methisilini haikishiki vizuri.

Pamoja na ushindi wote huo, hana majivuno, kwa kuwa hajifunzi lolote. Jeni hubadilika kwa bahati tu seli inapojigawa, dawa huwamaliza wenzake dhaifu, naye hubaki na nafasi yao. Sifa za bidii zimwendee binadamu, anayenunua kapsuli mbili za amoksisilini dukani kutibu mafua, ugonjwa wa virusi wasio na ukuta wowote wa kubomolewa, huku bakteria wa mwilini mwake wakichujwa wabaki sugu.

Lakini kinachomzidisha heshima ni ukarimu wa ukoo mzima wa bakteria. Jeni nyingi za usugu husafiri kwenye plazimidi, viduara vya DNA wanavyopeana hata wakiwa wa spishi tofauti, bila riba wala mdhamini. Hospitali zilikuwa zimeegemea dawa ya vankomisini dhidi ya stafilokoka sugu; mwaka 2002, huko Michigan, Marekani, akapatikana aliyeishinda hiyo nayo. Jeni yenyewe ilitoka kwa enterokoka, bakteria jirani yake katika kidonda kimoja cha mguu.